Dakika za Baridi

Namba zilishuka kwenye kioo cha kompyuta, mstari baada ya mstari, mistari mia tatu sitini na mitano, na Asumani akaitambua kazi yake kama fundi cherehani atambuavyo mshono wake hata pale koti lilipokwisha kugeuzwa tambara la kupigia deki. Alikuwa amezipiga zote kwa kidole kimoja, mwaka 2007, katika chumba cha kupanga ambacho umeme ulikitembelea kwa zamu, kama mgeni mwenye nyumba nyingi. Tangu hapo hakuwa ameziona tena. Kompyuta iliyozihifadhi iliibwa. Diski aliyoitilia nakala iliota ukungu. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa maisha yalikuwa yakimzaba makofi mengine makubwa zaidi, hakupata nafasi ya kuzililia.

"Umezifukua wapi hizi?" aliuliza.

"Ndani ya simu ya shangazi Alima," alisema Yasmine. "Ile ya vitufe. Simu yenyewe ilikufa, lakini kadi yake iko muzima. Nikaipasua programu yako ya saa za sala, nikatoa matumbo yote inje."

"Maiti yangu inapasuliwa bila mie kuitwa? Hata ng'ombe anaitiwaka mwenyewe."

Yasmine alicheka bila kugeuka. Alikuwa binti wa Hassani, kaka yake Asumani aliyetangulia mbele ya haki, na pamoja na wenzake wawili alikodi chumba kimoja pale Makomeno, wakiandika programu za simu kwa ajili ya mashule na mazahanati. Jumamosi ile vijana wa kazi hiyo mjini Lubumbashi wangekutana, na Yasmine alikuwa amepewa kusimulia habari za programu za simu zilivyoanza katika mji wao. Alikusudia kuanza na baba yake mdogo. Alikwisha kuiandaa hata picha: Asumani mwembamba, mwenye nywele, ameshika simu mbili.

"Tuanze," alisema. "Kabla yako kulikuwa nani?"

"Kabla yangu kulikuwa na mchezo wa nyoka tu. Nyoka anakula, anarefuka, anajigonga, anakufa. Kama mbunge."

Kisha akasimulia, na kadiri alivyosimulia mzaha ulimpungua na macho yakamwaka. Simu za wakati ule hazikujua sehemu za namba. Ukiiomba nusu, inakupa sifuri. Hukuweza kuiambia ilikokotoe jua. Ilibidi uipe majibu yote mkononi, kama mwanafunzi anayeingia na karatasi kwenye mtihani. Programu nzima haikuruhusiwa kuzidi kilobaiti sitini na nne, ambazo siku hizi hazitoshi hata picha ya sahani ya bukari. Kila aina ya simu ilikuwa na kioo chake na kiburi chake: neno lililokaa vizuri kwenye hii, kwenye ile lilikatwa kichwa. Na simu zenyewe za kujaribia alizipata wapi? Alikuwa akiwavizia wafanyabiashara waliorudi kutoka Mokambo, mpakani na Zambia, na mabegi yao, akiwasihi wamwazime moja kwa robo saa kabla haijapata mnunuzi.

Ilipokamilika, programu ya saa za sala haikuwa na duka la kuuziwa. Ilitoka simu hadi simu kwa bluetooth, watu wawili wakikaa goti kwa goti nje ya msikiti, kimya, wakisubiri mstari mdogo ujae. Kwa njia hiyo ilifika Annexe, pembezoni mwa mji, ikafika Mokambo, ikavuka mpaka bila paspoti. Halafu zikaja simu za kugusa, ambazo hazikuijua lugha ile. Asumani akajifunza upya. Lugha ikabadilika tena, akajifunza tena. Mara ya tatu, duka la programu lililokuwa ng'ambo likamtaka kadi ya benki ambayo hakuwa nayo, na hapo akaweka kibodi chini, akashika chaki. Sasa alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye kitambi cha heshima, na wanafunzi waliomwita Mwalimu wa Saa bila kujua kwa nini.

"Voilà," alisema Yasmine, akiandika. "Sasa, swali. Nimelinganisha saa zako na za programu yangu. Wakati wa mvua, ziko karibu sawa. Lakini wakati wa kipwa, alfajiri yako inatangulia yangu dakika makumi mbili. Yangu inakokotoa jua lenyewe. Yako inafuata nini?"

Asumani alijiegemeza kwenye kiti. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa limekaa ulimini kwa miaka kumi na minane, limelainika kama kokoto ya mtoni.

"Hizo ni dakika za baridi. Simu nayo ni kiumbe. Kipwa kikiingia inasikia baridi, inaamka na kihoro, inaita mapema. Kwa hiyo mwezi wa sita unaongeza makumi mbili, unainywa chai yako, unafunga kinywa. Mvua zikirudi, unaiacha vile iko. Muulize muntu yeyote wa Annexe."

"Baba mudogo. Nauliza kweli."

Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomharibia. Angekuwa mkali, angemtania hadi mwisho.

"Kalenda ya Kigoma," alisema.

Hapakuwa na haja ya kumweleza Yasmine kalenda ile ni ipi. Ilitundikwa katika kila nyumba ya ukoo wao. Mababu walikuja kwa njia ya ziwa, wakakaa Maniema, kisha migodi ikawavuta hadi huku. Na mpaka leo, kila mwaka, jamaa mmoja mfanyabiashara huileta kutoka ng'ambo ya ziwa ikiwa imekunjwa ndani ya bomba la karatasi. Kalenda nyingine yoyote ingeonekana mwanaharamu ukutani. Asumani alinakili saa za sala humo, siku kwa siku. Alikumbuka kuondoa saa moja, maana saa za Tanzania ziko mbele ya zetu, na kwa kukumbuka hilo alijiona msomi. Alichosahau ni kwamba jua halisomi kalenda ya ukoo. Linachomoza Kigoma kwanza, ndipo linakuja huku. Na wakati wa kipwa, kiangazi chetu chenye baridi, usiku wa Katanga unapozidi urefu, pengo linafika dakika ishirini.

"Ulijua lini?"

"Kipwa cha kwanza. Nilisimama msikitini na simu yangu ikaita, muadhini bado anasukutua."

"Na hukusahihisha?"

"Kwa namna gani? Leo wewe unabonyeza, na simu za bantu elfu zinapona zikiwa usingizini. Sie, programu ikitoka ilitoka. Ilikuwa ndani ya simu za bantu nisiowajua hata sura. Mzee mmoja akaniuliza mbele ya watu, mbona inaita mapema? Nikamwambia inasikia baridi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ukiona bantu wanacheka hivyo, mutoto wangu, unawaambia wanyamaze?"

Yasmine hakucheka. Alikuwa ameacha kuandika.

"Shangazi Alima anatumia yangu," alisema. "Tangu siku kumi na mbili. Nilipomuwekea nilimwambia asiogope, ni ile ile ya baba mudogo, sura tu njo mupya."

Waliangaliana.

Alima, dada mkubwa wa Asumani, alikuwa akifunga. Haikuwa Ramadhani. Zaituni, binti yake wa pekee, aliugua mwaka uliopita Ramadhani nzima, siku thelathini. Alipopata nafuu alisema atazilipa kipwa kikifika, siku zikiwa fupi. Kipwa hakikumkuta. Kwa hiyo mama yake alikuwa akimlipia, siku kwa siku, na leo ilikuwa ya ishirini na tisa. Keshokutwa maharage yangepikwa, jamaa wangekuja kusoma dua, na jambo lingekuwa limefungwa. Na kama kila asubuhi kwa siku kumi na mbili aliitazama alfajiri ya Yasmine, iliyo sahihi, kisha akaiongezea dakika za baridi, basi mara kumi na mbili alikuwa amekunywa chai yake alfajiri ikiwa imekwisha kuingia.

"Naweza kutuma mabadiliko saa hii," Yasmine alisema taratibu. "Kwenye simu yake peke yake. Ninairudisha nyuma dakika makumi mbili. Kesho ataongeza zake, atakuwa sawa. Hatajua kitu."

"Na kumi na mbili zilizopita?"

"Mungu anajua hakukusudia."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilikuwa tamu mno. Asumani alitazama kidole cha msichana kilichotulia juu ya kibodi. Kosa lake lote la miaka kumi na minane lingezikwa kwa mguso mmoja, bila jeneza, bila hotuba. Jumamosi angevaa koti, apigiwe makofi.

"Subiri kwanza," alisema. "Nikuambie nikiwa kule kwake."

Alishuka kwenye pikipiki mbele ya ua wa Alima, huko Annexe, alasiri, vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi. Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa na meno. Dada yake alikuwa ameketi karibu na jiko la mbabula lenye makaa machache, amevaa koti la mtumba juu ya kitenge na kofia ya sufu iliyomfanya aonekane kama baharia aliyestaafu. Ungo wa maharage ulikuwa miguuni pake. Mama Chanda, jirani yake, alimsaidia kuchagua. Mwanamke huyo hakuwa Mwislamu, lakini mwezi mzima alikuwa akijifungia ndani ya nyumba yake kila alipotaka kula, kwa heshima, ingawa harufu ya samaki haikujua adabu hizo.

"Mwalimu wa Saa!" aliita Mama Chanda. "Viatu vinang'aa hivyo, unaoa tena?"

"Nani atamukubali?" alisema Alima. "Hata ule wa kwanza tulimudanganya. Tulimwonyesha picha ya Hassani."

"Na picha bado hajairudisha," alisema Asumani, akivuta kigoda karibu na dada yake, ambaye tangu utoto alimwita yaya. "Habari za funga, yaya?"

"Funga iko muzuri. Kesho namaliza." Alilisema neno hilo kwa uangalifu, kama mtu anayetua ndoo iliyojaa. "Mutoto wangu atapumzika, na mie nitapumzika."

Simu ya Asumani ilitetemeka mfukoni. Akaitoa. Yasmine alikuwa ameandika neno moja: *Nibonyeze?* Akaigeuza kifudifudi juu ya goti.

"Yaya, asubuhi unakulaka saa ngapi?"

"Leo unapima daku zangu? Sikulaki, nakunywa chai tu, na kipande cha muhogo. Naangalia alfajiri kwenye simu ya Yasmine, naongeza dakika zako za baridi, nakunywa polepole." Akacheka peke yake, macho yamemwelekea mlango wa nyumba. "Zaituni njo alinifundishaka. 'Maman, usikimbie, simu ya mujomba inasikia baridi.' Hata kule hospitali alikuwa anaisema, wauguzi wanacheka. Sasa kila asubuhi nasema vile kwa sauti, halafu ninakunywa. Nikisema, ni kama iko pale."

Mama Chanda alitikisa kichwa kwa huruma, akatupa kijiwe.

Asumani alikuwa mtu aliyeponea katika mzaha. Alipofukuzwa chumba alitania, alipoibiwa alitania, na kwenye mazishi ya kaka yake ndiye aliyewafanya wachimba kaburi wacheke. Watu walimpenda kwa hilo, na yeye aliwaamini. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno yake, yakishatoka, yanakwenda kukaa kwenye nyumba za watu, yanapewa kiti, yanaamkiwa asubuhi. Alimtazama dada yake akipepeta, na akaona kwamba kitu alichokuja kukivunja si hesabu ya siku peke yake. Akaona pia kwamba angeweza kunyanyuka, kuaga, na kumjibu Yasmine kwa neno moja fupi kuliko lile la swali lake.

"Yaya," alisema, "hakuna dakika za baridi."

"Zimeisha?" alisema Mama Chanda. "Mbona mie bado natetemeka?"

"Hazijakuwako hata siku moja. Nilikosea. Nilinakili kalenda ya Kigoma, na jua la Kigoma si jua la huku. Programu ilikuwa inaita mapema kwa kosa langu, nikaona haya, nikatunga uongo wa kuchekesha. Ya Yasmine haina kosa. Iko sawa na jua. Ukiiongezea, unapita."

Mkono wa Alima ulisimama ndani ya ungo. Hakuuondoa.

Mama Chanda alitazama mmoja, akatazama mwingine, kisha akakumbuka ghafla kwamba ameacha mboga ya sombe motoni, akajifunga kitenge chake vizuri na kutoka bila kuaga. Uani palibaki mlio wa makaa.

"Siku kumi na mbili," alisema Alima.

"Kumi na mbili."

"Nilikuwa nakunywa chai mchana."

"Siyo mchana, yaya. Alfajiri tu. Tutamuuliza shehe. Huenda akasema hazina neno, maana hukujua."

"Shehe nitamuuliza mwenyewe. Wewe sikuulizi hilo." Sauti yake haikupanda, hilo lilimwumiza Asumani zaidi. "Wewe nakuuliza, ulijua toka lini?"

"Toka kipwa cha kwanza."

"Zaituni alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano. Kumi na sita."

Alima alihesabu kitu moyoni, akakiacha. Kuku mmoja alikuja kuchungulia maharage, hakuna aliyemfukuza.

"Ukitaka, kula," alisema Asumani. "Ya leo nayo imekwisha..."

"Nimefika mpaka hapa, nitafika na magharibi." Akavuta kofia ifunike masikio. "Kesho nitahesabu kumi na nane. Na wewe usinitazame hivyo, sijafa."

Simu ilitetemeka tena. Asumani aliifungua, akaandika *Acha. Nimemwambia*, akaizima kabisa. Kulikuwa na wanawake wengine wanne, hapo hapo Annexe, waliozoea yake ya zamani na kuwekewa programu mpya wiki ile. Angewafikia kabla ya giza, mmoja baada ya mwingine, kwa miguu. Lakini hakunyanyuka. Dada yake alikuwa bado hajamaliza naye, alimjua.

"Na yeye, alijua?" aliuliza Alima.

"Nani?"

"Mutoto wangu. Alijua ni uongo?"

Asumani alikohoa vumbi. "Alikuwa mjanja kuliko sisi sote. Mara moja aliniuliza. Alikuwa amekuja nyumbani, anavua viatu mlangoni. 'Mujomba, kweli kabisa simu inasikiaka baridi?'"

"Ukamujibu nini?"

"Nilicheka."

"Na yeye?"

"Alicheka pia."

Alima alimgeukia kwa mara ya kwanza tangu neno lilipotoka. Uso wake ndani ya ile kofia ya baharia ulikuwa mdogo, na haukuwa na hasira ambayo angejua la kufanya nayo.

"Alicheka namna gani?"

Lo! Angeweza kumpa kicheko. Angeweza kumtengenezea kicheko kizuri, chenye kichwa kimeinamishwa pembeni na mkono mdomoni, kicheko cha binti aliyeng'amua kila kitu na akasamehe kila kitu. Dada yake angekibeba mpaka kaburini, na hakuna programu duniani ambayo ingekuja kukisahihisha. Kilikuwa tayari, kimekaa pale pale lilipokaa jibu la baridi. Asumani alikitazama kwa muda. Kisha akatafuta kile kingine, cha kweli: mlango, viatu, jua la asubuhi mgongoni kwa msichana. Sauti haikuja.

"Sikumbuki, yaya," alisema. "Nimesahau."

Alima alitikisa kichwa polepole, kama aliyepewa kitu kidogo lakini kamili. Shughuli ya keshokutwa ilikuwa imesogea, na majirani wangepaswa kuambiwa, na jamaa wa Ruashi, na shehe. Lakini maharage yalikwisha kumwagwa kwenye ungo. Aliusukuma ungo mpaka ukawa katikati yao, na Asumani akakunja mikono ya shati, akaanza kutafuta mawe.